Gemu za mamilioni ya dola na pedi mbili za Kawangware

Leo tuache kidogo habari za hifadhidata na seva, tuongee gemu. Kuna swali linalozunguka sana siku hizi miongoni mwa wapenda gemu: je, zile gemu za bajeti kubwa, zinazotengenezwa na mamia ya watu kwa mamia ya mamilioni ya dola, zimeanza kupoteza mvuto kwa wachezaji?

Wanaosema ndiyo hawakosi mifano. Tarehe 23 Agosti 2024 Sony ilitoa Concord, gemu ya kupigana risasi iliyochukua miaka mingi kutengenezwa, kwa bei ya dola 40. Tarehe 6 Septemba ikazimwa na walioinunua wakarudishiwa pesa zao. Kuku huatamia mayai siku 21. Concord haikufika hapo! Oktoba mwaka huo huo Firewalk, studio iliyoitengeneza, ikafungwa.

Gharama zenyewe zinatisha. Kampuni hazipendi kuzitaja, ila mahakamani mambo hufichuka. Juni 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft kuhusu ununuzi wa Activision, Sony iliwasilisha karatasi ambazo tarakimu za siri zilikuwa zimepakwa wino mweusi kwa kalamu. Karatasi zilipopigwa skana, tarakimu zikaonekana chini ya wino. The Last of Us Part II ya mwaka 2020: dola milioni 220. Horizon Forbidden West ya mwaka 2022: dola milioni 212. Januari 2025 karatasi nyingine za kesi zikaonyesha kwamba Call of Duty: Black Ops Cold War ilikula zaidi ya dola milioni 700 kwa jumla. (Somo kwa wenzangu waandika programu: kupaka rangi nyeusi juu ya maandishi si kuyafuta.)

Wanaosema hapana nao wana jibu fupi: Grand Theft Auto V. Ilitoka Septemba 2013, ikaingiza dola bilioni 1 katika siku tatu, na mpaka leo imeshauza zaidi ya nakala milioni 200. Hakuna anayeweza kuitazama gemu hiyo akasema watu wamechoshwa na pesa nyingi.

Kwa hiyo tunaweza kubishana hapa hadi kesho kutwa. Mimi nadhani tukilitazama swali kutoka Nairobi, na hasa kutoka Lavington ninakofanyia kazi, linageuka sura. Hapa mvuto wa gemu kubwa haukuwahi kutokana na ukubwa wa bajeti. Na kama mvuto huo unapungua, hauanzi kupungua moyoni mwa mchezaji. Unaanzia mlangoni.

Kwanza mahali penyewe, kwa wasomaji wa Dodoma au Muscat ambao hawajafika. Lavington ni mtaa wa magharibi ya jiji. Mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misheni ya St. Austin upande huu mwaka 1899, wakapanda kahawa; leo pamejaa nyua zenye miti mikubwa, magorofa mapya na maduka ya kifahari. Sasa shika Gitanga Road kutoka Valley Arcade uelekee magharibi, uvuke James Gichuru Road. Taratibu kuta ndefu zinaisha, mabati yanaanza, makelele yanaongezeka, na kabla hujajua uko Kawangware. Ni mwendo wa miguu tu. Matatu za 46 hupita Valley Arcade zikiwapeleka nyumbani watu wanaofua, kupika na kulinda malango ya Lavington.

Umbali huo mfupi umetenganisha historia mbili za gemu.

Ndani ya nyua, konsoli ilifika kwa ndege. Mjomba amerudi kutoka London, baba amekuwa kwenye mkutano Dubai, kwenye sanduku mna Sega au Nintendo. Mtoto mmoja, chumba kimoja, pedi moja inayotumika na nyingine inayokaa kwenye kasha. Historia hii haina mengi. Inafanana na ya Ulaya na Marekani isipokuwa kwa ucheleweshaji wa mwaka mmoja au miwili.

Historia ya upande wa pili ndiyo yenye utamu. Wengi wetu tulianza na vitu visivyo na bajeti kabisa. Kulikuwa na zile mashine za mkononi za plastiki tulizoziita brick game, zenye vitofali vyeusi vinavyoshuka, nakala za Tetris, gemu aliyoibuni Alexey Pajitnov akiwa Moscow mwaka 1984. Halafu ikaja gemu ya nyoka kwenye simu za Nokia. Iliandikwa na Taneli Armanto, ikatoka na Nokia 6110 mwaka 1997, na kufikia wakati wa Nokia 3310 kila mlinzi wa lango mwenye simu alikuwa na rekodi yake. Mtu mmoja ameandika, mamilioni wakacheza. Kwa hiyo watu wanaposhangaa leo kwamba Balatro, gemu ya karata iliyotengenezwa na mtu mmoja na kutoka mwaka 2024, imeuza zaidi ya nakala milioni 5 kabla ya mwaka kuisha vizuri, mimi sishangai hata chembe.

Kisha ikaja PlayStation. Hapa nikae kidogo, maana ndipo gemu za pesa nyingi zilipovuka James Gichuru Road.

PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994, na ilitumia CD. Sony walijua CD ni rahisi kunakili, wakaweka ulinzi wa kijanja: kwenye diski halisi, mstari ule wa data una mtikisiko mdogo sana mwanzoni, na ndani ya mtikisiko huo mna herufi nne. SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine ya kawaida ya kuchoma CD haiwezi kuandika mtikisiko huo. Konsoli ikikosa herufi nne, inagoma. Basi mafundi wakatengeneza chipu ndogo ya bei nafuu yenye kazi moja tu: kuinong'onezea konsoli zile herufi nne bila kuchoka. Huo ndio uliokuwa ulinzi wa kampuni nzima, na huo ndio uliokuwa ufunguo wake! PlayStation 2, iliyotoka Machi 2000, ilikuwa ngumu zaidi kidogo, lakini fundi wa mjini mwenye mkono mtulivu na waya mwembamba aliimaliza vile vile. Ukitafuta PS2 Luthuli Avenue miaka ile, swali la kwanza lilikuwa kama imepigwa chipu.

Chipu ndiyo iliyozaa banda la gemu. Chumba cha mabati, televisheni moja au mbili, konsoli ndani ya kisanduku cha mbao kilichopigwa kufuli ili isitembee, benchi, na pedi mbili ambazo mpira wa vidole umeshalika. Mechi moja ashu, yaani shilingi 10. Mahali pengine kobole, shilingi 5. Mara nyingi aliyefungwa ndiye anayelipa, na hapo ndipo mchezo unapopata makali ambayo hakuna studio ya California iliyowahi kuyatia kwenye programu. Jaribu kupiga penalti dakika ya 90 ukijua shilingi 10 ya mwisho ni ya unga.

Tupige hesabu ya mwenye banda, maana bila hesabu hii hatuelewi kitu. Gemu halali ya PS2 iliuzwa Marekani dola 50, zaidi ya shilingi 3,500 kwa viwango vya katikati ya miaka ya 2000. Kwa mechi za shilingi 10, hizo ni mechi 350 kabla ya kulipa stima, kodi na pedi iliyovunjwa na aliyefungwa manne. Diski iliyochomwa mjini iligharimu sehemu ndogo tu ya hapo. Mimi ninaishi kwa kuuza programu, siwezi kusimama hapa nikausifu wizi. Lakini kama mwanahistoria wa baraza la kahawa lazima niseme ukweli: bila diski za kuchoma, gemu za bajeti kubwa zisingekuwa na historia Kawangware.

Na mwenye banda alikuwa mhariri mkali. Hebu fikiria gemu ambazo hazikufua dafu mabandani. Final Fantasy, pamoja na pesa zote zilizomwagwa humo na maandishi yake yasiyoisha, haikuwa na kazi pale. Nani akulipe ashu aketi asome? Shadow of the Colossus ya mwaka 2005, ambayo wakosoaji huiita sanaa, sidhani kama kuna banda lililoishi kwayo. Vigezo vilikuwa vingine. Gemu iwe na pedi mbili. Mechi iishe haraka. Anayetazama kutoka benchi aelewe bila kuelezwa. Ndiyo maana kandanda ilitawala, Winning Eleven na Pro Evolution kwanza, halafu FIFA. Ndiyo maana Tekken ilishika, na mieleka ya SmackDown. GTA San Andreas ya mwaka 2004 iliingia kwa njia ya pembeni: iliuzwa kwa dakika, na watazamaji watano walimwelekeza anayecheza aibe gari gani.

(Tekken hiyo imetutoa mbali. Mwaka 2018 Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU, Mkenya akiwa katika safu moja na wachezaji wa kulipwa wa dunia.)

Wazazi na walimu walilia, tena kwa haki, maana benchi lile lilikula saa za shule na nauli za kwenda shule. Sitaki tulipake banda asali. Nasema tu kwamba mvuto wake haukuwa mwanga unavyomeremeta juu ya maji, kitu ambacho studio hulipa mamilioni kukipata. Mvuto ulikuwa jirani yako.

Mwaka 2013 naona ndio mgongo wa historia hii. Januari habari zikatoka kwamba Sony imeacha kutengeneza PS2, baada ya zaidi ya mashine milioni 150. Septemba ikatoka FIFA 14, ya mwisho katika mfululizo huo kuchezeka kwenye PS2. Mwezi huo huo GTA V. Na katikati, Juni, kukawa na kioja. Microsoft walitangaza kwamba Xbox One itahitaji kuingia mtandaoni angalau mara moja kila saa 24, na kwamba diski iliyotumika haitaazimwa wala kuuzwa tena kiholela. Sony wakawajibu kwa video ya sekunde ishirini na kitu ikionyesha jinsi ya kuazimana gemu kwenye PS4: bwana mmoja anampa mwenzake diski mkononi, mwenzake anasema asante. Basi! Watu walicheka, Microsoft wakarudi nyuma tarehe 19 Juni.

Wengi tulidhani mkono uliotoa diski ulikuwa umeshinda. Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2020 PS5 ikatoka na toleo lisilo na mahali pa kuingiza diski. Novemba 2024 PS5 Pro ikauzwa dola 700 bila kisoma diski kabisa. Ukikitaka, ununue kando. Ahadi ya video ile imefutwa polepole, bila tangazo la kumfanya mtu acheke.

Na faili zikavimba. CD ya PlayStation ya kwanza ilibeba megabaiti 650 hivi. DVD ya PS2, gigabaiti 4.7 au 8.5. Call of Duty: Modern Warfare ya mwaka 2019 ilitaka kwenye kompyuta nafasi ya gigabaiti 175. Nyaya za TEAMS na Seacom zilipotua Mombasa mwaka 2009 tulishangilia, na kweli intaneti ya nyaya imeingia nyua za Lavington hadi chumba cha kulala. Lakini kijana anayenunua bando la siku la shilingi 20 hawezi hata kuizungumzia gigabaiti 175. Sisi waandika programu tunajua siri nyingine: ukubwa huo wote si uhai wa mchezo. Sehemu kubwa ni picha za ukutani, sauti na video, vitu ambavyo macho yanavizoea baada ya dakika kumi. Tofauti kati ya PS1 na PS2 mama mboga angeiona akipita njiani. Tofauti kati ya PS4 na PS5 lazima nikusogeze karibu na kioo nikuonyeshe kwa kidole.

Halafu kuna lango ambalo halina uhusiano na pesa. Mwezi Mei 2024 Sony waliamuru kila mwenye Helldivers 2 ya kompyuta awe na akaunti ya PlayStation. Tatizo: akaunti hizo hazitolewi rasmi katika nchi nyingi. Gemu ikaondolewa kwenye duka la Steam katika nchi 177, Kenya ikiwemo. Agizo la akaunti lilifutwa baada ya wachezaji kufoka, lakini marufuku ya kuuza iliendelea; Sony walianza kulegeza mwaka 2025. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza dunia kusikia jambo ambalo Mkenya mwenye PlayStation amelijua miaka yote, kwamba ili ucheze mtandaoni unajiandikisha kama mkazi wa Uingereza au Marekani, unabuni msimbo wa posta, unanunua kadi ya malipo ya huko. Mtu mwenye pesa tayari mkononi anaambiwa kwamba kwao hakupo! Zile herufi nne za mwaka 1994 zimerudi kwa nguo nyingine, na safari hii hakuna fundi wa Luthuli wa kuzinong'oneza.

Kwa hiyo wachezaji wa upande wa Kawangware walikwenda wapi? Hawakuacha kucheza. Waliingia kwenye simu. Safaricom ilipoleta Huawei IDEOS ya bei nafuu mwaka 2011, Android ikaanza kufika kwa watu wa kawaida. Novemba mwaka uliofuata msanidi wa Uswidi, Henrik Rydgård, akatoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijione kuwa PSP, ile konsoli ndogo ya Sony ya mwaka 2004. Hapo ndipo mambo yalipokolea. PSP yenyewe imekufa tangu 2014, lakini hadi leo kila msimu wa ligi ukianza, watu wasiojulikana majina hutoa toleo jipya la PES ya PSP: usajili mpya, jezi mpya, hata sauti ya mtangazaji Peter Drury imebandikwa. Injini ni kuukuu, viraka ni vipya. Unapewa kwa Bluetooth au kwenye kadi ya simu na rafiki, kama mwanzo: mkono unatoa, mkono unapokea.

Hebu tulipime hilo vizuri. Wachezaji wanaidai gemu ya zaidi ya miaka kumi iendelee kuishi, na wanachotaka kibadilishwe ndani yake ni majina ya wachezaji wa Arsenal. Hawakuomba nyasi zing'ae.

Pesa kubwa nayo si mjinga, imeona. Call of Duty: Mobile ilikuja Oktoba 2019 bila kiingilio. Konami waliifuta PES wakaleta eFootball ya bure Septemba 2021. Ilitoka ikiwa na nyuso za wachezaji za kutisha watoto, ikazomewa dunia nzima, lakini kwenye simu ikapata watu. Mlango uko wazi, unalipishwa ukiwa ndani. Kwa maoni yangu hapo ndipo bajeti kubwa ilipohamia, na anayehesabu mauzo ya diski peke yake ataendelea kudhani imekufa.

Na watengenezaji wetu? Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, gemu ya 3D kutoka Nairobi, kisha mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha Leti Arts. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Planet Rackus wakatoa Ma3Racer ya simu, unaendesha matatu. Mwaka 2015 Black Division Games ya Andrew Kaggia ikatoa Nairobi X, viumbe wa angani wanavamia jiji. Naiheshimu sana Nairobi X kwa ujasiri wake, lakini ilichagua uwanja wa Call of Duty, na katika uwanja huo kila mtu anakupima kwa mwanga na moshi, vitu vinavyonunuliwa kwa pesa. Ma3Racer ilikuwa na picha duni kuliko hiyo, ila hakuna studio ya Marekani ambayo ingejua kwamba matatu inafaa kuogopwa.

Sasa GTA VI inakuja. Ilitarajiwa 2025, ikasogezwa hadi Mei 2026, na Novemba 2025 Rockstar wakatangaza kuisogeza tena hadi tarehe 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series tu. Mwenye banda anayeitaka ana hesabu mpya. Tuseme konsoli ni shilingi 80,000. Gemu tuiweke kwenye dola 70 zilizozoeleka tangu 2020. Kwa shilingi 129 kwa dola, hizo ni kama 9,000. Akitoza mbao, yaani shilingi 20, kwa kila robo saa, anahitaji robo saa 4,450 kabla hajalipa kodi wala stima. Na gemu hiyo inachezwa na mtu mmoja mmoja, kwa hiyo hakuna aliyefungwa wa kulipa. Nilipopita Kawangware mara ya mwisho, banda nililoingia lilikuwa na PS4 moja na PS2 mbili. Kwenye PS2 kulikuwa na foleni.